Mwaka Nilipoyaanika Mawe ya Bahari

Wewe, ushawahi kuona bahari ikipigwa feni? Usinicheke. Mimi nimeiona, tena hapa hapa Voi, kwenye joto letu hili la kukausha mate mdomoni. Bahari yenyewe ilikuwa na miguu minne ya chuma, imekaa ndani ya chumba cha kulia, kati ya friji na mlango wa jikoni. Feni ya nyumba ilikuwa moja tu, na ilielekezwa kwa samaki. Wageni wa gesti walikula wali jasho likiwatiririka shingoni. Kulikuwa na mwalimu mmoja mpangaji, na huyo kila siku lazima aseme, "Jameni, hawa wako ndani ya maji na bado wanapepewa, na sisi tulio kavu tunachemka!" Bi Zuhura anamjibu kutoka jikoni bila hata kutoa kichwa, "Siku ukiwa na rangi nzuri kama zao tutakupepea nawe, mwalimu. Kula."

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita nilienda kumpa pole huyo Bi Zuhura. Bwanake, Mzee Athmani, amefariki, na habari ilinifikia imechelewa, watu wa matanga wameshatawanyika. Nikasema potelea mbali, pole haiozi. Nilipelekwa na mjukuu wangu Wakesho, yule ana duka la dawa Taveta, na kale kagari kake kanakolia kama cherehani. Tukamkuta Bi Zuhura amekaa kwa mkeka, amekonda, sauti ni ile ile. "Mkawasi! Mtoto wa milimani! Umezeeka vibaya wewe." Nikamwambia, "Na wewe umezeeka vizuri, basi tumegawana." Tukacheka mpaka Wakesho akatuangalia kama watu wa kupimwa. Kumbe pale nilipokaa nilikuwa nimekalia jambo langu la siku nyingi, na sikujua kama ningesimama nalo tena. Hilo nitakufikisha, lakini kwanza lazima uijue hiyo bahari.

Nilienda kwao nikiwa msichana, nimekomaa mikono kuliko akili. Kuandika jina langu nilijua, barua ndefu sikujua, na mpaka leo sijui. Kazi yangu ilikuwa kupika, kufua mashuka ya wageni na kupiga deki. Mzee Athmani alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika hoteli moja kubwa ya pwani, kazi yake kuangalia samaki wa kutazamwa na watalii. Hoteli ilipopata mwenyewe mwingine wakataka kuitupa ile tangi ya vioo, naye akaiomba, akaibeba mpaka Voi ambako mkewe alikuwa na hiyo gesti. Ndani mlikuwa na mchanga mzito, ukiingiza mkono unazama mpaka kwa kifundo. Juu ya mchanga mawe makubwa yenye mashimo, na juu ya mawe matumbawe, yale yanayofunguka kama maua. Samaki walikuwa sita. Mkubwa wao alikuwa kangaja wa rangi ya bluu, na Bi Zuhura alimwita Bwana Harusi kwa vile alivyotembea polepole akijua anaangaliwa. Nyuma ya tangi kubwa kulikuwa na kasanduku kengine ka kioo, kamejaa mwani wa kijani uliojisokota. Kila Ijumaa Mzee aliukata kidogo na mkasi, kama mtu anachuma mchicha. Sababu hakuniambia na mimi sikuuliza. Nilifikiria tu kwamba watu wa pwani wana mambo yao.

Maji nayo yaliletwa na Kilonzo. Huyu alikuwa Mkamba, dereva wa lori, kila juma anashuka Mombasa na kupanda. Akirudi anapiga honi tatu pale nje, anashusha jerikeni za maji ya bahari, anaingia mezani kama mtu wa nyumbani. Bi Zuhura alimwekeanga ukoko wa wali wa nazi, kwa sababu Kilonzo alipenda ukoko kuliko wali wenyewe. "Mama Rukia," anamwambia Bi Zuhura mdomo umejaa, "hii maji yangu siyachoti bandarini kwenye mafuta ya meli. Kuna mvuvi wangu huwa anaenda kuyachota mbali kabisa. Hii maji imeoga kabla ya kuja." Na mimi alinitania sana. "Mtaita, leta kikombe uonje. Ama unaogopa kuzama ndani ya kikombe?" Namwambia, "Wewe kunywa kwanza, ukifa nitajua." Hiyo meza ilikuwa na kelele tamu. Mpaka leo nikisikia lori ikipiga honi tatu mkono wangu unataka kutafuta sahani.

Sasa ikafika Idd. Mzee Athmani akashuka Mombasa kuleta dada zake na watoto. Bi Zuhura akaniambia, "Mkawasi, nataka nyumba ing'are, ukuta ujione ndani ya sakafu." Na mimi ukiniambia neno kama hilo umenikabidhi shamba. Kwetu milimani wageni wakija hakuna cha kupangusa pangusa. Kila kitu kinatoka nje. Sufuria, vigoda, vitanda, vibuyu, vyote vinasuguliwa na kuanikwa juani, maana jua ndilo linamaliza uchafu wa mwisho. Nikamaliza vyumba, nikamaliza jikoni, nikasimama mbele ya ile tangi. Nikayaona yale mawe kwa macho ya mgeni. Yana mabaka ya zambarau na hudhurungi, yanateleza, yana nywele nywele, na kwa shimo moja kamnyoo kananichungulia. Nikaangalia mchanga kwa chini, una mistari myeusi na mapovu madogo madogo ya hewa, kama kitu kinaoza. Nikawaonea huruma wenye nyumba. Nikasema, dada za Mzee wasione hii.

Samaki nikawatia kwa karai na maji yao, na matumbawe nikayaweka kwa beseni, maana hayo yalikuwa maua na maua hayasuguliwi. Mawe mengine yote nikayatoa nje. Nikayasugua na brashi ya nguo na sabuni ya mche, kila shimo, kila ufa. Nikayamwagia maji ya moto, sufuria mbili. Nikayasuuza, nikayapanga juu ya mabati ya banda la kuku, jua la Voi likayapiga kutwa. Mchanga nikauosha kama mchele, maji saba, mpaka ukawa hautoi hata vumbi. Jioni nikarudisha kila kitu, nikamimina maji mapya ambayo Kilonzo alikuwa ameleta siku mbili nyuma, nikarudisha na samaki. Wewe! Mawe meupe kama meno ya mtoto. Bi Zuhura akaja akasimama mlangoni akashika kifua. "Mashallah. Mwanangu, mikono yako ibarikiwe." Akaingia chumbani akanitolea doti ya kanga mpya. Nililala nikiwa nimeivaa.

Mzee alirudi na wageni wake, watoto wakakimbilia kioo. Yeye akasimama akayaangalia yale mawe muda mrefu. Bi Zuhura akamwambia, "Ni Idd, hata mawe yamevaa kanzu," watu wakacheka. Mzee hakucheka sana. Akanifuata jikoni. "Mkawasi, umeyasugua?" Na mimi, sijui ni kitu gani kilinishika, labda ni ile sauti yake, nikasema, "Nimeyapitisha brashi kidogo tu, Mzee, humo humo ndani ya maji." Huo ndio uongo. Mdogo hivyo. Akaenda akachukua kale kachupa kake ka kupimia, akatia maji ya tangi, akatia matone ya dawa, akatikisa, akaweka karibu na kadi yenye rangi. "Manjano," akasema, akapumua. "Maji ni mazuri."

Siku ya pili ya Idd samaki walianza kuja juu, midomo wazi, kama watu wametoka mbio. Siku ya tatu matumbawe yakajifunga. Mzee anapima, anasema manjano. Anapima tena, manjano. Siku ya nne Bwana Harusi alilala ubavu juu ya ule mchanga wangu mweupe, na Bi Zuhura akamwita kwa jina, akigonga kioo na pete. Mzee akapima mara nyingine. "Manjano! Sielewi mimi." Nilikuwa nyuma yake na sinia ya vikombe. Nikasema kabla sijafikiria, "Mzee, hiyo si manjano. Hiyo ni kijani."

Akageuka polepole. Bi Zuhura alikuwa ameshaenda chumbani kwake kumlilia samaki. "Kijani vipi?" "Kijani ya jani la kunde likiwa changa. Kwenye kadi ni hii hapa, ya nne." Mimi nimekua nikisuka vikapu vya katani, nyuzi tunazitia rangi wenyewe, nikikosea kidogo nyanya yangu alikuwa anafumua kikapu kizima. Rangi ndiyo shule niliyomaliza. Mzee akakaa kwa kiti. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba rangi hizo mbili kwake ni moja tangu utoto, na hata nyekundu humpotea. Kule hotelini alikuwako mwenzake akimsomea. Hapa alikuwa anajipa moyo tu, anawasoma samaki wenyewe, na ile kadi ilikuwa ya kujionyesha. Nikamuuliza, "Bi Zuhura anajua?" "Hajui. Miaka yote ananituma nyanya mbivu namletea mbichi, anadhani ni ubahili."

Nilitaka kucheka na machozi yakanitoka. Mzee wa watu amejifunua hivyo mbele yangu, nikashindwa kumeza langu. Nikamwambia yote. "Kwa sabuni?" "Ya mche, Mzee." "Na maji ya moto?" "Sufuria mbili." "Na jua?" "Kutwa, juu ya mabati." Akafunika uso na mikono. "Mkawasi, kwenye yale mawe kulikuwa na mji. Na wewe umeupiga deki mpaka mtu wa mwisho."

Ndipo akanieleza, kwa mara ya kwanza, na mimi nimeyashika mpaka leo kuliko sala zangu zingine. Samaki anakojoa ndani ya maji yale yale anayopumua, na huo mkojo ni sumu. Kwenye mawe wanakaa wadudu wadogo ambao jicho haliwaoni. Wa kwanza wanaila ile sumu wanaigeuza. Wa pili wanaila hiyo iliyogeuzwa, wanaigeuza tena, inakuwa kitu kinaitwa naitreti. Naitreti haiui haraka, lakini ikijaa, samaki wanadhoofika na uchafu wa kijani unaota kila mahali. Sasa chini kabisa, ndani ya mchanga mzito na katikati ya mawe ambako hewa haifiki, kuna wadudu wa tatu, na hao ndio wanaimaliza naitreti, inatoka kama povu la hewa na kwenda zake. Yale mapovu niliyoyaona! Na mwani nao unaila, ndiyo maana unakatwa, unatoka nayo. Nikamwambia, "Mzee, hiyo si ni samadi tu? Ukitoa samadi mbichi kwa boma la mbuzi ukaweka kwa maharagwe, inaunguza. Ukiiacha ilale, ipoe, inakuwa chakula. Na ikizidi, magugu yanakushinda." Akanitazama kama ananiona leo. "Nani amekufundisha hayo?" "Mbuzi, Mzee."

Mwaka mzuri wangu ulianzia hapo, na ubaya wangu ulianzia hapo pia, vyote kwa siku moja. Kwa maana Kilonzo alikuja juma lile, akapiga honi zake tatu, na Bi Zuhura akatoka akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Nilikuwa jikoni naosha sahani, nasikia kila neno. "Umechota wapi maji yale?" "Pale pale, Mama Rukia. Kwa mvuvi wangu." "Mwongo! Umechota bandarini, umeona uvivu kusubiri. Samaki wangu wanne wamekufa!" "Mama, mimi? Kwa mkono wangu huu? Mwulize Mzee, Mzee anajua maji yangu." Mzee Athmani alikuwa mezani, ameinamia gazeti. Na mimi nilikuwa na kitambaa mkononi, nasugua sahani ambayo ilishatakata. Akisema ukweli, ataulizwa mbona kipimo chake hakikuonyesha, atasema na habari ya macho yake. Nikisema mimi, nitarudi milimani na kanga yangu ya aibu. Basi tukanyamaza wote wawili. Kilonzo akasema, "Haya. Asante kwa chakula chote nilichokula hapa." Bi Zuhura akamjibu, "Na hutakula kingine." Nikasikia jerikeni zikirudishwa kwa lori moja moja.

Baada ya hapo, nikuambie ukweli, nilifurahi. Mtu ni hivyo, hata akiwa na mwiba mguuni anacheza harusi. Mzee alituma habari kwa yule mwenzake wa zamani pwani, likaja jiwe moja kwa treni, limefungwa kwa gunia la maji, chafu kama yale niliyoyasugua, na mara hii nililipokea kama mtoto mchanga. Tukaliweka katikati ya yale meupe ili wadudu wake wahamie. Na ili wapate chakula, Mzee akatumbukiza kamba mmoja, akamwacha aoze humo. Samaki wawili waliobaki tuliwaweka kwa beseni, kila siku nawabadilishia maji yanayoletwa na mtu mwingine kwa treni. Chumba cha kulia kilinuka! Mwalimu anainua kifuniko cha sufuria anauliza, "Leo ni samaki ama ni marehemu?" Bi Zuhura anamwambia, "Ni utaalamu huo, wewe mwalimu gani huujui?"

Kila asubuhi baada ya chai Mzee anatia matone, mimi napeleka kachupa dirishani, nasema rangi, yeye anaandika. Kwa Bi Zuhura tulisema Mzee ananifundisha kazi. Kijani ilipanda ikawa ya jani la muhogo, ikakaa, halafu ikaanza kupauka. Dawa ya pili, ya kupima ile sumu iliyogeuzwa mara moja, ikageuka zambarau, nayo ikaja ikapauka. Ya tatu ikawa nyekundu kabisa, hiyo ndiyo naitreti, na hiyo ilikataa kushuka miezi na miezi. Mzee alisema tungoje, wa chini mchangani wanajenga polepole. Samaki wawili wakarudi nyumbani. Tukakata mwani, tukangoja. Mawe yakaanza kushika mabaka ya zambarau, na mimi nikawa nayaangalia kama mtu anaangalia mahindi yake. Siku moja nikainama kufagia, nikaona kwa kioo, chini kabisa ya mchanga, povu moja. Dogo kama punje ya mtama. Likajitoa, likapanda juu, likapasuka. Nikapiga kelele mpaka mwalimu akatoka na taulo. Mzee akaja, tukapima, nikapeleka dirishani. "Sema, Mkawasi." "Machungwa, Mzee. Si nyekundu tena. Machungwa kama ganda la papai." Akaniambia hajawahi kuona mtu anasoma maji kama mimi. Hakuna mwalimu alishawahi kuniambia kitu kama hicho. Na wakati huo huo, nakumbuka, nje kwa barabara lori ikapita, bila honi, na sote wawili tuligeuza shingo.

Niliolewa mwaka ule ule mwishoni, nikaondoka. Mzee alitafuta macho mengine, sijui kwa nani.

Basi ndio mwezi uliopita nimekaa kwa mkeka, chai mkononi, Bi Zuhura anamsimulia Wakesho. "Nyanya yako huyu alikuwa na mikono! Nyumba yangu haijawahi kung'aa kama Idd ile. Lakini Kilonzo, yule dereva, aliniulia Bwana Harusi wangu na maji yake ya bandarini. Mpaka leo sijamsamehe." Akasema akitabasamu, vile mtu anasema kitu kilichokauka. Chai ikanipalia. Nikafikiria, Mzee amekwenda. Nimebaki mimi peke yangu ninayejua, na nikinyamaza na leo, huu uongo utakuwa kweli kabisa, hakutakuwa na mtu wa kuurudisha. Nikaweka kikombe. Nikamwambia, sabuni, maji ya moto, mabati, yote.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Athmani alijua?" "Alijua, Bi Zuhura. Tulinyamaza wote wawili." Habari ya rangi sikuitaja. Hiyo ni yake, amekwenda nayo. Akaizungusha pete yake kidoleni. Halafu akasema, "Samaki nimekusamehe. Samaki hufa. Lakini nilimnyima mtu chakula mezani kwangu, Mkawasi, mtu aliyenibebea bahari kwa lori lake. Nilimwita mwongo mbele ya watu. Wewe na Athmani mkaniachia!" Nikasema, "Nisamehe." Akasema, "Kilonzo yu hai?" Nikamwambia nasikia yuko Miasenyi, anauza vitunguu kando ya barabara, amezeeka. Akaninyooshea kidole, kile cha pete. "Basi wewe wakaa hapa wanywa chai yangu wafanya nini?"

Tukaingia kwa gari, tukatoka mjini. Halafu nikamwambia Wakesho, "Mjukuu wangu, wewe umesoma, unajua kupanga maneno. Si uende tu umwambie kwa niaba yangu? Yule mzee ana mdomo, atanitukana." Wakesho alikuwa anaangalia barabara. Akasema, "Nyanya, Jumamosi nitafunga duka mapema. Nitakupeleka Miasenyi, nitakushusha pale pale kwa vitunguu vyake. Mimi nitabaki ndani ya gari, na nakuahidi, hii injini siiwashi mpaka nikuone umemaliza kusema."